Nakala ya Waliopotea

Cyriaque aliisimulia habari hii mara moja tu, kwenye ukumbi wa kanisa lao pale Handsworth, ng'ambo walikopata hifadhi baada ya vita, ibada imekwisha, watu wanakunja viti. Hakuomba aaminiwe. Muda wote alikuwa ameikalia mikono yake, kama mtu anayeogopa isije ikashikwa. Alipomaliza akainuka, akaondoka bila kuaga.

Ilianza Jumatatu, mwishoni mwa Novemba 2018, siku isiyo na neno. Manyunyu. Baridi ya kila siku. Basi la Soho Road limejaa, vioo vimefunikwa na pumzi za watu. Cyriaque alishuka mjini, akapanda jingine hadi Sparkbrook, akapanda ngazi za ofisi yao iliyokuwa juu ya duka la vitambaa, akatundika koti, akabandika maji ya chai.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alitunza kompyuta za shirika dogo lililotafuta ndugu waliopotezana vitani: Wakongo, Wasomali, Warundi, yeyote aliyepanda zile ngazi na jina la mtu wake mdomoni. Jina liliandikwa. Alipotelea wapi, alikuwa na umri gani siku ile, nani anamtafuta. Kufikia mwaka ule majina yalikuwa elfu kumi na moja na ushei.

Moja aliliandika yeye mwenyewe, siku yake ya kwanza kazini, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Mireille. Miaka sita. Uvira, Oktoba 1996. Mdogo wake.

Kwa ajili ya jina hilo aliiomba kazi ile. Kila jioni akirudi Handsworth, mama yake, Rosalie, alimpokea mkoba na kumwuliza swali lilelile kwa Kiswahili chao cha Uvira, "Banasema nini kule?" Naye alijibu, "Bado, mama." Mama akaenda kupakua chakula. Miaka minne hivyo.

Sasa, yale majina hayakuwa yanakaa ofisini. Yalikaa kwenye mashine za kampuni moja kubwa, mbali huko, inayotunza hifadhidata za watu kwa ujira. Wenyewe huita wingu. Na huduma ile ilikuwa na jambo moja zuri. Ukitaka kujaribu kitu bila kuharibu, uliitengenezea hifadhidata yako nakala kamili. Unabonyeza, unasubiri kama dakika kumi, unapata pacha wake. Kuanzia hapo kila moja ina maisha yake. Ukibadili jina kwenye nakala, ile ya asili haina habari. Ukiifuta nakala, ya asili haidhuriki. Hakuna uzi wowote unaoziunganisha.

Jumatatu ile walitaka kuondoa majina yaliyoandikwa mara mbili. Msimamizi wao, Luul, Msomali aliyekulia Garissa, alisimama nyuma ya kiti cha Cyriaque na kikombe chake.

"Fanyia kwa kopi kwanza," alisema. "Ile original usiguse. Na Ijumaa saa kumi na moja jioni hiyo kopi ifutwe. Hizi ni habari za watu, na sheria mpya haichezi na mtu."

"Itafutwa, dada."

Akaipa jina, nakala-novemba. Akabonyeza. Ikazaliwa.

Jumanne asubuhi aliendesha programu yake ndogo ya kuunganisha majina. Kisha akalinganisha nakala na ile ya asili, mstari kwa mstari, aone kilichobadilika. Alitegemea tofauti mia mbili na kumi na mbili. Alipata mia mbili na kumi na tatu.

Ile ya ziada ilikuwa Mireille.

Pale palipoandikwa mahali alipoonekana mara ya mwisho, ile ya asili ilisema Uvira. Nakala ilisema Kigoma.

Nimekosea mahali, alijiambia. Akaandika Uvira, akahifadhi, akaenda kula. Aliporudi palisomeka Tabora.

Aliangalia kumbukumbu za walioingia kwenye nakala. Alikuwepo mtu mmoja tu, naye ni yeye. Akaangalia tena ukurasa wa Mireille, na safari hii akaona kitu kingine. Umri wa sasa huwa mashine inaupiga hesabu yenyewe. Kwenye ile ya asili, Mireille alikuwa na miaka ishirini na minane.

Kwenye nakala alikuwa na sita.

Mtu mwingine angemwita Luul palepale. Cyriaque hakumwita. Mwenye njaa ya miaka ishirini na miwili haulizi chakula kimetoka jiko gani. Alisogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta, akatazama nyuma yake, halafu kwenye nafasi ya maelezo akaandika: *Mireille, ni wewe? Uko na nani?*

Hapakuja kitu. Alikaa mpaka Luul akazima taa za upande wake.

Jumatano asubuhi jibu lilikuwepo. *Peke yangu. Yaya aliniachilia mukono.*

Yaya ndivyo watu wa Uvira wanavyomwita kaka au dada mkubwa. Pale ofisini hakuna mwingine aliyelitumia neno hilo kwa maana hiyo. Lakini si neno lile lililomtoa jasho kwenye baridi ya Novemba. Ni hayo mengine.

Siku vita vilipoingia Uvira, mama yao alikuwa amebeba mzigo kichwani na mtoto mchanga mgongoni, mtoto ambaye naye hakufika mbali. Alimkabidhi Cyriaque mkono wa Mireille. Cyriaque alikuwa na miaka kumi na mmoja. "Usimuachilie," mama alimwambia. Kwenye daraja la mto Mulongwe watu walikuwa wengi kama siafu, risasi zinalia nyuma, na Mireille alikuwa mzito, anajivuta, anamlilia mama. Cyriaque alimwambia mama kwamba umati ulimnyang'anya. Aliwaambia hivyo polisi wa kambi, wahoji wa uhamiaji, mchungaji. Hakuna mtu duniani aliyejua kwamba hakuna aliyemnyang'anya. Alifumbua vidole mwenyewe, akakimbia.

Hakuna aliyejua, isipokuwa aliyeachiliwa.

Jioni ile mama alipopokea mkoba na kuuliza, Cyriaque alishindwa kusema bado. Alisema, "Kuna kitu, mama."

Rosalie aliketi chini kwenye zulia la ukumbi. Hakupiga kelele. Alishika kifundo cha mguu wa mwanawe, akakikumbatia.

"Anasema nini?" alinong'ona. "Uniambie yote."

"Anasema yuko njiani."

"Na tena?"

"Basi, mama. Hayo tu."

Alhamisi hakufanya kazi yoyote. Mireille alikuwa Dar es Salaam. Akaenda kunawa uso, akarudi, alikuwa Tripoli. Hapo ndipo alipogundua kwamba Mireille hasogei mpaka yeye aangalie. Akijizuia saa nzima, anamkuta palepale. Akifungua, akifunga, akifungua, anakuwa amesogea. Alijua anapaswa kuacha. Alifungua. Calais. Alifungua. Dover, ng'ambo hii ya bahari.

Akaandika: *Huku ni baridi. Umevaa nini?*

Jibu lilikuja mbele ya macho yake, herufi moja moja, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika.

*Sisikii vizuri. Masikio yangu yamejaa mayi.*

Mayi ni maji. Cyriaque alifunga kompyuta, akaegemeza paji la uso juu ya meza. Mto Mulongwe mwezi wa kumi huwa umejaa. Alijua hilo tangu zamani. Alikuwa amejizuia kulijua.

Hata hivyo, Ijumaa asubuhi alipoona Luul anafungua ukurasa wa kufutia, alimwendea na kupiga magoti kwenye zulia, mtu mzima na suruali yake ya kazi.

"Usiifute. Nakuomba kwa Mungu, dada Luul. Wiki moja tu."

"Inuka! Cyriaque, inuka, umekuwa nini?"

Akamweleza. Hakumficha ila la daraja. Luul alimsikiliza bila kupepesa, kisha akavuta kiti. "Nionyeshe."

Walilinganisha upya nakala na ile ya asili. Programu ilichukua muda mrefu kuliko kawaida, hadi alasiri. Ilipomaliza, tofauti hazikuwa mia mbili na kumi na tatu.

Zilikuwa elfu kumi na moja na ushei. Kila jina.

Luul alishusha ukurasa kwa kidole kimoja. Majina yote yalikuwa yameondoka mahali yalipopotelea. Watoto wa Baidoa. Wazee wa Bujumbura. Wengine walikuwa Ufaransa, wengine Kent, wengine tayari Coventry. Wote walikuwa wanaelekea upande mmoja. Na wote walikuwa na umri uleule wa siku waliyopotea.

Kisha Luul akaandika jina moja kwenye nafasi ya kutafuta. Cyriaque alisoma juu ya bega lake. Abdisamad, miaka kumi na tisa. Kakake. Mahali alipoonekana mara ya mwisho: Small Heath.

"Umeona?" Cyriaque alisema. "Hata wako anakuja. Umeona?"

Luul aligeuka. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

"Abdisamad tulimpata," alinong'ona. "Elfu mbili na kumi na moja. Baba alimuosha na mikono yake, akamzika Garissa. Mimi ndio nilikataa kufunga faili. Sikuweza tu." Akasukuma kiti nyuma. "Hawa si watu wetu, Cyriaque. Wallahi hawa si watu wetu."

"Wako huenda si wako. Wangu ananijua."

"Small Heath ni hapo tu. Dakika kumi kwa miguu."

Kwenye kompyuta ya Cyriaque, ukurasa wa Mireille ulikuwa umebadilika. Ulisema Handsworth. Hakuwa amegusa kitu. Ukabadilika tena, ukaandika jina la mtaa wao. Kisha namba ya nyumba. Kisha neno moja.

*Mlangoni.*

Alipiga simu nyumbani, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya wazi. Ilikuwa saa kumi jioni kasorobo na nje mwanga ulishaanza kufa. Iliita mara nyingi. Mama alipokea kwa mnong'ono.

"Cyriaque. Kuna mutoto ku mulango."

"Usifungue, mama."

"Anagonga chini, kwa vidole."

"Mama, nakuomba. Usifungue."

"Miaka yote hii naomba." Sauti ya Rosalie ilikatika. "Namna gani nisimufungulie?"

Walisikia komeo. Walisikia upepo wa barabarani ukiingia kwenye simu. Halafu walisikia mama akivuta pumzi ndefu, ndefu mno, kama mtu aliyetumbukia kwenye maji baridi.

"Eko anatetemeka," alisema. "Cyriaque, eko amelowana kabisa."

Chini, kwenye mlango wa ofisi, mtu aligonga. Mara tatu, kiungwana.

Luul hakugeuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka, mikono ameifungia kifuani. "Futa," alisema. "Mimi siwezi. Sauti yake nitaijua, nitashuka nimfungulie. Futa."

Mashine ile haifuti kwa kubonyeza tu. Inakutaka uandike jina lote la nakala, herufi kwa herufi, iwe na hakika kwamba unajua unachofanya. Cyriaque aliweka mkono wa kulia juu ya herufi. Wa kushoto ulikuwa umening'inia pembeni ya kiti.

Akaandika n. Akaandika a.

Kitu kiliushika mkono wa kushoto.

Hakutazama chini. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa cha baridi na kimelowa, na vidole vyake viliingia vizuri kati ya vidole vyote vya Cyriaque, mahali pake pa zamani. Maji yalimdondokea kwenye kiatu.

Ndani ya simu, mbali na mama, sauti ya mtoto ilisema, "Yaya, usiachilie."

Cyriaque alilia kama ng'ombe. Luul alilisimulia hilo baadaye. Alisema hakuwahi kusikia mtu akitoa sauti ile. Aliandika huku analia. K. A. L. A. Anakosea, anafuta, anarudia. Kile kitu mkononi hakikumvuta, hakikumuumiza. Kilimkaza tu, zaidi na zaidi, jinsi mtoto anavyokaza akiona watu wamekuwa wengi.

"Yaya."

Chini waligonga tena, na sasa hawakuwa mmoja. Kulikuwa na mikono mingi.

Ilibaki herufi moja. Mama alikuwa akisema kwenye simu, "Ingia, mama yangu, ingia, kuna moto ndani." Cyriaque alifumbua vidole vya mkono wa kushoto. Ilimbidi avivute. Kwa mara ya pili maishani mwake aliuchomoa mkono wake kutoka mkono ule, akaandika herufi ya mwisho, akabonyeza.

Vishindo vikakoma.

Nakala ikatoweka kwenye orodha. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kugonga. Barabarani magari ya Ijumaa yalipiga honi, muuza vitambaa akishusha mlango wa chuma wa duka lake. Kwenye simu ulisikika upepo peke yake, kisha mama.

"Cyriaque," alisema taratibu. "Umefanya nini?"

Alifika nyumbani akamkuta mama amekaa kwenye kizingiti, mlango wazi, nyumba nzima imepoa kama barabara. Mapajani alikuwa na taulo lililokunjuliwa. Cyriaque akapiga magoti mbele yake, na pale pale, majirani wakipita na mifuko yao ya dukani, akamwambia habari ya daraja. Yote. Vidole na kila kitu. Alimwambia kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa.

Rosalie hakumpiga. Hakumlaani. Alikunja taulo mara mbili, akalilaza begani.

"Najua," alisema. "Alinielezea ku mulango."

Tangu siku hiyo hakumpokea mkoba, wala hakumwuliza wanasema nini. Mwezi wa pili alihamia Northfield kwa mama mmoja wa kanisani, akaacha ufunguo wake juu ya meza. Cyriaque alimpigia kila Jumapili. Mama alipokea, akasikiliza, akakata.

Luul aliifunga faili ya kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, akaandika tarehe ya maziko. Ile hifadhidata ya asili waliikagua mstari kwa mstari, wakarudia. Haikuwa imeguswa. Mireille, Uvira, ishirini na minane. Waliiandikia kampuni ile ya wingu wakaulizia, wakajibiwa kwa adabu kwamba nakala ilifutwa kikamilifu na hakuna chochote kilichosalia.

Cyriaque alibaki peke yake katika nyumba ya Handsworth. Aliacha kazi mwezi wa nne. Mwezi wa sita, mwenye nyumba alimtuma Charanjit, fundi rangi aliyeishi nyumba ya tatu kutoka pale, aje apake rangi ukumbi na jiko. Ilikuwa asubuhi ya jua, madirisha wazi, redio ya fundi inaimba. Cyriaque alikuwa ghorofani aliposikia anaitwa.

Charanjit alikuwa amelisogeza kabati la viatu lililokuwa pembeni ya mlango wa jikoni, na alikuwa akicheka peke yake, akipangusa mikono.

"Hukuniambia una binti," alisema. "Ana miaka mingapi?"

"Sina mtoto."

Fundi alidhani ni mzaha. Alimwonyesha mwimo wa mlango, pale lilipokuwa kabati. Pale kwenye mbao kulikuwa na mistari ya penseli, kama ile ambayo wazazi wa nchi ile huwachorea watoto wao kuona wanavyokua. Kila mmoja ulikuwa na mwezi wake pembeni, kwa herufi kubwa zilizopinda. Wa kwanza ulikuwa wa Desemba, nao ulifika kiunoni mwa Cyriaque. Wa Januari ulikuwa juu kidogo. Wa Februari juu zaidi. Hakuna mtoto anayekua hivyo. Machi, Aprili, Mei, kila mmoja umeruka miaka mitatu minne, kama mtu mwenye haraka ya kufidia.

Wa Juni ulimfika Cyriaque kidevuni.

Charanjit alichovya brashi, akauliza aifunike au aiache. Cyriaque alikuwa ameweka kidole juu ya mstari ule wa mwisho. Alipokiondoa, kilikuwa cheusi kwa penseli, na kimelowa.